Mabishano ya Sombe na Viazi

Juzi jirani yangu hapa Kampala alisahau mawese motoni. Nilikuwa ngazini nimebeba ndoo ya maji, na harufu ikanikuta njiani: kwanza nzito na tamu, halafu kali, ya kuwasha macho, pale mafuta yanapoacha wekundu wake na kuanza kufuka. Nikaweka ndoo chini. Nilisimama hadi mtoto mmoja aliyekuwa akipita akaniuliza kama ninaumwa. Sikuwa naumwa. Nilikuwa Butembo, katika jiko letu la udongo nyuma ya nyumba, ukungu bado umelala juu ya mikaratusi, na wanawake wawili walikuwa wakitupiana maneno juu ya chungu.

Sisi tuliokua huko mashariki mwa Kongo wakati wa vita, tukikutana, tunasimuliana njaa na mbio. Ni kweli, tulikimbia na tulilala njaa. Lakini mimi nikiachwa peke yangu na kumbukumbu zangu, kinachotangulia ni ladha. Naona mvuke, naona mikono, nasikia mtu akiimbia chakula kana kwamba chakula kina masikio.

Jumapili moja mama alirudi kutoka misa na watu watatu nyuma yake. Padri alikuwa ameomba kila nyumba yenye nafasi ipokee wageni, na nyumba yetu haikuwa na nafasi, lakini mama aliinua mkono. Aliyetangulia alikuwa mwanamke mrefu, mwenye mtoto mchanga mgongoni. Aliyefuata alikuwa msichana wa rika langu, Odette, aliyevaa viatu vya plastiki visivyolingana. Mtoto wa mgongoni aliitwa Furaha. Walikuwa wametoka Mbau kwa miguu, wakapita Beni, wakalala katika makanisa na vibarazani mwa watu. Mama Odette hakubeba godoro wala blanketi. Kichwani alikuwa na bido moja, yaani dumu, la mawese, na alipolitua alilishika kwa mikono miwili, polepole, kama mtu anayelaza mtoto.

Mume wake alikuwa amebaki kuvuna mpunga. Angefuata, alisema, mpunga ukiisha kukauka.

Baba yangu alimvuta mama pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye kusukuma baiskeli hadi Alimbongo kununua viazi na pwaro, vile vitunguu virefu vya majani, aje kuuza sokoni.

"Banabakia siku ngapi?" akauliza.

"Mpaka barabara ipone," mama akajibu.

Nilidhani barabara kweli inaumwa. Kwa muda mrefu, nilipoiona imelala pale chini, nyekundu, imechimbika na kujaa maji, nilihisi huruma.

Siku za kwanza wanawake wale waliheshimiana hadi jiko likawa baridi. "Anza weye, mama." "Hapana, anza weye, hii ni nyumba yako." Mama alikuwa mtu wa juu, kwenye baridi. Kwake chakula kilikuwa viazi, njegere, kabichi, maharagi yaliyochemka hadi supu yake ikawa nzito. Mama Odette alitoka chini, kwenye joto karibu na msitu, na kwake chakula kisicho na mawese kilikuwa maji ya kuoshea sahani. Kila mmoja alikula cha mwenzake kwa adabu, akitafuna polepole, akisema "Iko muzuri" kwa sauti ya mtu anayejibu polisi.

Kisha asubuhi moja Mama Odette alipata sombe, majani mabichi ya muhogo. Sijui alilitoa wapi, pengine kwa watu wa Vuhovi waliokuwa wakishuka na mizigo. Alikaa na kinu kati ya magoti, akatwanga, na bila kumtazama mtu yeyote akaanza kuimba, neno moja kwa kila pigo la mchi:

*Sombe yangu, kajani ka vidole,*
*nakutwanga, hapana kwa hasira;*
*nakutwanga ulainike*
*nikuvalishe mawese,*
*nguo nyekundu ya siku ya Mungu.*

Mama alikuwa akimenya viazi. Kisu chake kikasimama. Nilimtazama, kwa sababu midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti, kama anahesabu. Halafu mama yangu, ambaye kabla ya siku ile nilimjua kwa kusema "fanya hivi" na "acha hivyo", akafungua kinywa:

*Kiazi changu, mutoto wa baridi,*
*umelala mu udongo kama mu blanketi;*
*nakuvua ngozi polepole,*
*unatokea mweupe kama asubui.*
*Weye hapana omba mutu nguo:*
*chumvi kidogo, na unacheka.*

Mchi ulisimama hewani. Mama Odette akageuka taratibu. Nikaona kitu kinaamka usoni mwake, na mimi nikadhani ni hasira.

Tangu siku ile jiko halikunyamaza. Mama Odette aliimba kwamba kiazi ni kichwa kisicho na shingo, ukikimeza bila mafuta kinasimama kooni kama lori kwenye matope. Mama akajibu kwamba ndizi ya Mbau ni mvivu, inangoja kuchomwa ndipo izungumze. Na wakati wote huo walikuwa wakipika. Sombe lilikuwa likitokota kwa sauti nzito, likitoa mapovu ya kijani. Viazi vilikuwa vikigongana ndani ya sufuria. Moshi wa mkaratusi ulikuwa ukipita katikati yao. Sisi watoto tulikaa mlangoni tukiwa tumejaa mate. Nilipokuwa nikisikia shairi la ndizi niliona ndizi yenyewe, imepasuka kifuani, ina rangi ya dhahabu, ingawa nyumbani hapakuwa na ndizi hata moja. Nimekula katika nyumba nyingi tangu wakati ule, nyingine zenye vitambaa mezani. Sijaona tena chakula kikisubiriwa namna ile.

Lakini siku moja mama aliimba hivi, huku akimnyooshea mgeni wetu mwiko:

*Mawese ni muchongezi!*
*Ukikula kwa siri anabaki ku midomo,*
*anakwenda kukusema kwa jirani.*

Odette alinishika mkono kwa nguvu. Ninyi mliokuwa huko mnajua neno lile lilikuwa na uzito gani. Mchongezi alikuwa mtu anayepeleka majina kwa wenye silaha. Watu walilisema kwa kunong'ona, na yule aliyeitwa hivyo hakulala tena nyumbani kwake. Na hapa mama yangu alikuwa akiliimba mchana kweupe, huku akicheka kwa meno, na mimi sikusikia kwamba mchongezi ni mafuta. Nilisikia tu neno.

"Mama yako atatufukuza," Odette akaniambia nyuma ya nyumba. Hakuwa akilia. Alisema kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Fasi zote inaanzaga vile. Banagombana, kiisha tunafunga mizigo."

Kuanzia siku ile Odette alilala na viatu vyake. Mimi nikaanza kumwekea akiba. Tulipokaa kula, nilikuwa nikimega tonge la ugali, nalibonyeza kwa kidole gumba, nachovya, nakula. La pili nakula. La tatu nalificha ndani ya kiganja na kulipeleka chini ya mkeka wetu, liwe chakula chake cha njiani. Nilifikiria njia yake. Nilijiuliza Furaha atapewa kiasi gani, na ugali unaweza kufika hadi wapi.

Ugali haukufika popote. Mama aliinua mkeka ili aukung'ute, akakuta yale matonge yamekuwa magumu kama mawe, mengine yameota manyoya ya kijani. Akatuita sote wawili. Nilijitetea haraka, maneno yote kwa pamoja: Odette wanamfukuza, mama yake ni mchongezi, njia ni ndefu. Mama alinisikiliza, mkono ukiwa mdomoni. Kisha akamwita Mama Odette, akamrudishia maneno yangu moja moja, na wanawake wale wakaanza kucheka. Walicheka hadi Mama Odette akakaa chini ardhini na kushika mbavu, hadi Furaha akaamka na kulia.

"Sisi tunacheza, batoto," Mama Odette akasema alipopata pumzi. "Kwetu mama yangu alikuwa anaimbiaka chungu kila siku. Sasa mimi ninyamaze, kwa sababu ya vita?" Akamtazama mama. "Na huyu, kumbe anajua kujibu! Mi nilizania watu wa baridi hapana na mashairi."

"Tuko nayo," mama akasema, akijifuta macho kwa kitenge. "Tunaficha tu mu viazi."

Usiku huo Odette alivua viatu.

Ukaja wakati chumvi ilipokosekana. Barabara ilifungwa upande wa kusini, kisha upande wa kaskazini, na sokoni walikuwa wakipima chumvi kwa kijiko cha chai. Tulikula maharagi matupu, na sombe tupu, na kila kitu kilikuwa na ladha ya kitu kilichosahau jina lake. Hapo wanawake wale waliacha kubishana, wakaimba pamoja, wakipokezana mistari:

*Chumvi, dada mweupe, ulikwenda bila kuaga.*
*Tuliulize jasho letu habari zako?*
*Tuliulize machozi?*
*Rudi, hata kwa ncha ya kidole;*
*chungu kinauliza nyumba yako.*

Nililamba mkono wangu wakati wakiimba, na nikaapa kwamba nimeionja. Odette naye alilamba wake. Nafikiri hata leo, nikitia chumvi katika mboga, kuna sehemu ya mwili wangu inayoshukuru kabla ya ulimi.

Kisha alikuja mwanamume mmoja kutoka Mbau, jirani yao wa zamani, akiwa na godoro kichwani. Hakutaka kukaa. Alisimama uani, akatua godoro, akavua kofia, akamwambia Mama Odette kwamba mume wake alikutwa shambani kwake, katika mpunga, na kwamba waliweza kumzika. Alisema lile la mwisho mara mbili, kwa sababu wakati ule kuzikwa kulikuwa ni neema. Mama Odette akauliza: "Mupunga ulikuwa umekatwa?" Yule mtu akasema: "Nusu, mama." Mama Odette akaingia ndani.

Hakutoka. Alikaa juu ya mkeka akiegemea ukuta, Furaha mapajani, macho yake yakitazama mahali ambapo hapakuwa na kitu. Mama alimpelekea uji, ukapoa. Alimpelekea viazi laini vilivyopondwa, vikapoa. Wanawake wa kanisa walikuja wakakaa naye, wakasali, wakaondoka. Na baada ya siku kadhaa Furaha akaanza kulia kilio chembamba, kisicho na mwisho, kwa sababu maziwa yalikuwa yamekauka. Mama alimpa maji ya mchele kwa kijiko; aliyatema. Nilimwona baba akimtazama yule mtoto, kisha akimtazama mama, kisha akitoka nje kwenda kusimama karibu na baiskeli yake bila kuigusa. Nilikuwa mdogo, lakini nilielewa kwamba katika nyumba yetu kuna mtu anayeanza kuondoka, na ni yule mdogo kuliko wote.

Siku iliyofuata mama alifanya kitu ambacho sikuweza kumsamehe hadi nilipokuwa mtu mzima.

Alinunua sombe, fungu kubwa, kwa bei iliyomfanya baba apige mluzi. Akachukua kinu, hakukipeleka jikoni. Akakiweka mbele ya mlango wa chumba alimokaa Mama Odette, na akaanza kutwanga kwa kelele, vibaya, mchi ukigonga kingo. Akaimba kwa sauti ya kujigamba, ya mtu aliyelewa:

*Sombe, leo umefika kwa fundi!*
*Nakupa pwaro, nakupa kabichi,*
*mawese utaona mwisho, mabichi.*
*Nani atanikataza?*

Niliona aibu hadi masikio yakapata moto. Mwanamke amefiwa, na mama yangu anamdhihaki mlangoni. Odette aliziba masikio yake. Baba akasema, akimwita kwa jina langu, "Mama Masika, tafazali," na mama hakumgeukia hata kidogo.

Alipomaliza kutwanga alivuta mbabula, jiko letu la makaa, akaweka sufuria papo hapo. Alitia sombe. Kisha alichukua pwaro tatu nene za Alimbongo, akazikata vipande vikubwa, akazitupa ndani. Harufu ilipanda, ya ajabu, ya vitu viwili vilivyokutana bila kutambulishwa.

Kutoka ndani sauti iliyokwaruza ikasema:

"Mama Masika."

"Karame, mama." Ndivyo tunavyoitika kwa Kinande.

"Unaweka nini mule?"

"Pwaro."

"Mu sombe?"

"Mu sombe."

Sufuria ilitokota. Mama alikuwa ameshika mwiko, na nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba hakuwa akitazama sufuria; alikuwa akitazama mlango.

"Na mawese?"

"Nitamwaga juu. Mabichi."

Mlango ukafunguka. Mama Odette alisimama pale akiwa amepungua, kitenge kimefungwa ovyo, uso umevimba. Alimtazama mama, akaitazama sufuria. "Utaua batoto ya watu," akasema. Akamwekea mama Furaha mikononi, akachukua mwiko, akaonja, akatema. "Hii hapana chakula. Hii ni mateso."

Akachuchumaa. Akaanza kuvitoa vile vipande vya pwaro, kimoja kimoja, kwa ncha ya mwiko, akivitupa majivuni. Machozi yalikuwa yakimtoka, na aliendelea kuvitoa. Akaniagiza bido lake. Yalikuwa yamebaki mawese ya chini kabisa, mazito. Aliyapasha peke yake katika sufuria ndogo hadi yakafuka moshi na sote tukakohoa, na ndani ya moshi ule alilia kwa sauti, kilio kile ambacho hakikuwa kimetoka tangu yule mtu avue kofia. Mama alikaa kando yake, Furaha begani. Mafuta yalipokuwa tayari aliyamwaga juu ya sombe, yakalia *shaaa*, na harufu ikabadilika, ikawa ile tuliyoijua.

Akaonja tena, kiganjani. Akameza. Akachota tena. Halafu akala, akiwa amechuchumaa palepale, kutoka kwenye mwiko, akipuliza na kumeza, kama mtu aliyefika kutoka safari ndefu. Hakuna aliyemkatiza. Sisi sote tulisimama tukamtazama mtu akila, na sijawahi kuona kitu kizuri kama kile.

Jioni mvua ilinyesha. Maziwa hayakurudi siku ileile, wala kesho yake. Yalirudi kidogo kidogo, kadiri alivyokula. Lakini alasiri moja, mvua ilipotulia, nilikuwa nimelala karibu na mkeka wao, nikasikia Furaha akimeza. Ni sauti ndogo sana. Niliisikiliza hadi usingizi ukanichukua.

Nilipokuwa mkubwa nilimuuliza mama kwa nini alifanya ukatili ule. Alishangaa kwamba nimeuita ukatili. "Pole nilikuwa nimemupa zote," akasema. "Zilikuwa zimeisha. Nilibakia tu na sombe."

Mama Odette aliimba tena, lakini si kama zamani. Shairi lake la kwanza alilisema huku akipepeta mchele mchache ambao baba aliuleta ndani ya soksi:

*Mupunga wangu wa Mbau,*
*nani anakufukuzia ndege?*
*Mwenye sauti amelala.*
*Simama wima, ningoje.*

Tulingoja mama amjibu kwa utani. Mama alichukua kiazi, akakigeuza mkononi, akasema polepole:

*Ngoja dada yangu, mupunga.*
*Mimi kiazi, mutu wa baridi,*
*namushika mukono*
*mpaka mutaonana.*

Barabara ikapona. Malori yakaanza kupita tena kwenda Beni, yakiwa yamejaa watu juu ya mizigo, na Mama Odette akasema mvua za kupanda zimekaribia na shamba halina mtu. Mama alimwambia abaki. Alikataa. Tuliwasindikiza hadi barabarani. Odette alipanda kwanza, halafu Furaha akapandishwa kwa mikono ya watu, mzito, mashavu yamejaa. Wanawake wale wawili hawakuimba. Walishikana mabega tu. Lori lilipoanza kuunguruma, Mama Odette aliinama kutoka juu na kupiga kelele: "Mama Masika, pwaro ni ya supu!" Watu wote wakacheka bila kujua kwa nini.

Alilima. Ilimbidi akimbie tena mara nyingine, na akarudi tena kulima. Furaha sasa ana watoto wake, na nasikia ni mnene.

Kesho yake, baada ya wao kuondoka, mama alikuwa jikoni akimenya viazi. Nilikuwa mlangoni. Aliimba mistari miwili, kisha akasimama pale ambapo sauti nyingine ilizoea kuingia. Akangoja. Moto ulikuwa ukilia. Akaimba mistari ileile tena, akasimama tena, kisu hewani, bila kunitazama.

Baba alikuwa nje, akiziba tairi la baiskeli. Hata kanisani alikuwa mtu wa kufungua kitabu cha nyimbo na kukiangalia tu. Tulimsikia akikohoa, akisafisha koo, kama anataka kutoa tangazo. Kisha, kwa sauti mbaya isiyokuwa na tuni yoyote, akaimba kutoka kule aliko:

"Kiazi, eeh kiazi... niko na njaa."

Mama akageuka mlangoni. "Ile hapana wimbo, Baba Masika."

"Hapana wimbo," baba akasema. "Ni njaa."

Mama alicheka, akajifuta uso kwa mkono wenye maganda, akaongeza kuni. Siku ile tulikula mapema.